Mwenye Kitabu ni Nani?

Kitabu ni mali ya aina yake. Gunia la mahindi likiliwa limekwisha, lakini kitabu kimoja husomwa na watu mia, kila mmoja akaondoka na yote yaliyomo, na mia wengine wakaja kuyakuta yale yale. Anayenunua kitabu hupata karatasi, uzi na jalada. Maneno hayawi yake kwa kulipa bei. Huyapata kwa kadiri anavyoyasoma na kuyaelewa, na hata hapo hawezi kumzuia mwingine asiyapate. Ndiyo maana wanafalsafa na wanazuoni wa dini wamejiuliza tangu kale: mtu anayekusanya vitabu umri wake wote anamiliki nini hasa? Na ana haki gani ya kuweka ndani vitabu ambavyo atakufa hajavisoma?

Swali hilo huwabana zaidi watu wawili waliozeeka pamoja. Mume na mke waliostaafu, ambao sehemu ya mishahara yao yote iliishia katika maduka ya vitabu, hufika siku wakatazama rafu na kujua kwamba umri uliobaki hautoshi. Macho yamepungua nguvu, watoto wamehamia miji mingine wanakopanga vyumba viwili, na vitabu vimekaa palepale. Hapo mapenzi ya miaka yote huwa suala la dhamiri.

Wapo waliolijibu swali hili kwa ukali. Seneca, mwanafalsafa wa Roma wa karne ya 1, aliona kwamba wingi wa vitabu humlemea mwanafunzi bila kumfundisha, na kwamba ni heri kukaa na waandishi wachache kuliko kutangatanga kwa wengi. Aliwalaumu matajiri wa zama zake waliopanga vitabu mpaka darini kuwa mapambo ya ukuta. Hata maktaba ya Aleksandria hakuisifu. Alihesabu kwamba vitabu 40,000 viliungua huko, na akaviona kuwa vilikusanywa kwa fahari zaidi kuliko kwa elimu. Katika Biblia, Kitabu cha Mhubiri nacho kinatahadharisha juu ya vitabu visivyokoma na masomo yanayouchosha mwili.

Katika Uislamu hoja hiyo huelezwa kwa kisa cha Imamu Ghazali, aliyeishi kati ya mwaka 1058 na 1111. Inasimuliwa kwamba alipokuwa kijana alisafiri kutoka kwao Tus hadi Jurjan kutafuta elimu, akayaandika masomo yote ya mwalimu wake. Njiani akirejea, msafara ulivamiwa na wanyang'anyi wakachukua kila kitu. Ghazali aliwafuata akimsihi mkubwa wao amrudishie zile karatasi tu, maana wao hazitawafaa kitu, na kwake yeye ndiyo elimu aliyohama mji kuitafuta. Yule mkubwa akamcheka: elimu gani hiyo ambayo mtu akinyang'anywa karatasi anabaki hana kitu? Akamrudishia. Ghazali aliyachukua maneno yale kuwa ni Mwenyezi Mungu aliyemsemesha mwizi ili amwongoze mtafuta elimu, akakaa miaka mitatu akiyahifadhi moyoni yote aliyokuwa ameyaandika.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kana kwamba kinavishusha vitabu hadhi. Hakiwezi kubeba hoja hiyo. Ghazali yule yule aliandika Ihya Ulum al-Din, kitabu kilichonakiliwa na kusomeshwa kwa zaidi ya miaka 900, hadi katika darsa za misikiti ya Lamu, Mombasa na Unguja. Lau waliomsikia wangeridhika na kuhifadhi tu, sehemu kubwa ya elimu yake ingezikwa pamoja nao. Kinachothibitishwa na kisa ni kwamba kuwa na kitabu si kuwa na elimu, na hilo ni kweli tupu. Lakini kusoma na kutunza ni kazi mbili. Msomaji hujinufaisha nafsi yake. Mtunzaji huwawekea watu asiowajua, wengine hawajazaliwa. Seneca alimhukumu mtunzaji kwa sheria ya msomaji, na hapo ndipo hukumu yake inapopungua.

Kipo pia kishawishi cha upande wa pili, cha mtu kuona kwamba vitabu ni vyake kiasi kwamba na viondoke naye. Abu Hayyan al-Tawhidi, mmoja wa waandishi wakubwa wa Kiarabu, aliyefariki takriban mwaka 1023, alivichoma vitabu vyake uzeeni. Alipolaumiwa alijibu kwa barua yenye uchungu. Hakuwa na mtoto wala rafiki wa dhati, na aliona vigumu kuwaachia watu ambao wangevichezea na kumtafutia makosa baada ya kufa kwake. Ni rahisi kumhurumia. Ni vigumu zaidi kukubali kwamba alikuwa na haki hiyo, kwa sababu waliodhulumiwa na moto ule hawakuwa wale waliomtenga bali wasomaji wa karne zilizofuata, ambao hawakumkosea lolote.

Mfano ulio wazi kuliko yote wa namna nyingine ya kulijibu swali hili ni wa mume na mke wa Marekani, Henry Clay Folger na Emily Jordan Folger. Walioana mwaka 1885. Henry alikuwa karani wa kampuni ya mafuta ya Standard Oil aliyepanda ngazi taratibu. Mkewe alikuwa amefundisha shule. Hawakupata mtoto. Wote wawili walimpenda Shakespeare tangu ujana, na mwaka 1889 Henry alinunua mnadani New York nakala ya toleo la mwaka 1685 la tamthilia zake kwa dola 107.50. Kwa kijana wa mshahara wa wakati ule, hizo zilikuwa fedha nyingi. Baada ya hapo hawakusimama kwa zaidi ya miaka 40.

Emily hakuwa mtazamaji wa shughuli ya mumewe. Alirudi chuoni Vassar akapata shahada ya uzamili mwaka 1896 kwa tasnifu kuhusu matini sahihi ya Shakespeare. Usiku alisoma orodha za wauza vitabu, akawekea alama vile alivyoona vinafaa, na kila kilichonunuliwa akakiandikia kadi kwa mkono wake: jina, mwaka, hali ya kurasa, kilikotoka. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari, na kadi za Emily ndizo zilizowajulisha wana nini, maana vitabu vyenyewe havikuonekana. Kwa miaka mingi wawili hao waliishi katika nyumba ya kupanga mtaani Brooklyn, isiyo na nafasi. Vilivyonunuliwa vilifungwa katika makasha na kupelekwa kwenye maghala na vyumba vya chuma vya benki.

Hapo ndipo shutuma zilipoanzia. Wasomi waliandika wakiomba kuona kitabu fulani, wakajibiwa kwamba hakiwezi kufikiwa. Uingereza ililalamika kwamba urithi wake unahamishwa na mnunuzi asiyejitaja jina. Na lipo la chanzo cha fedha: Standard Oil ilivunjwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1911 kwa kuhodhi biashara, na Henry alikuwa miongoni mwa wakubwa wake. Shutuma zote tatu ni za haki. Vitabu vilivyolala gizani katika kasha, mwenyewe havisomi na mwingine haruhusiwi, havina tofauti kubwa na vile vya Tawhidi, isipokuwa kwamba bado havijaungua.

Kitendo cha aina hiyo huhukumiwa kwa mwisho wake. Henry alistaafu mwaka 1928 ili aishughulikie nyumba ya vitabu. Kwa miaka kadhaa alikuwa akinunua, kimya kimya, kiwanja kimoja baada ya kingine jijini Washington, karibu na maktaba ya bunge. Jiwe la msingi liliwekwa mwishoni mwa Mei 1930. Tarehe 11 Juni, wiki mbili baadaye, Henry akafa, hajaona jengo likikamilika. Wosia wake uliiacha maktaba chini ya wadhamini wa chuo alichosoma, Amherst, lakini anguko la soko la hisa la mwaka 1929 lilikuwa limepunguza sana thamani ya alichoacha. Emily angeweza kuuza sehemu ya vitabu aishi kwa raha. Hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake aliongeza fungu lake mwenyewe, akasimamia kazi, na Aprili 23, 1932 akaikabidhi maktaba kwa wadhamini. Aliishi karibu miaka minne zaidi. Majivu ya wote wawili yamewekwa ukutani katika chumba cha kusomea, nyuma ya bamba dogo.

Ni jambo la kuzingatia kwamba walikuwa wawili. Mkusanyaji peke yake hushikwa kirahisi na uchu wa kupata, na akifa, aliyebaki huona mlima wa karatasi tu. Hawa waliposoma pamoja na kuorodhesha pamoja, kila mmoja akawa shahidi wa nia ya mwenzake. Aliyebaki alijua kwa nini kila kitabu kilinunuliwa. Fedha ingeweza kununua vitabu bila ndoa ile, lakini isingeweza kununua mtu wa kuikamilisha nia baada ya kifo.

Kitabu walichokitafuta kuliko vyote huitwa Folio ya Kwanza. Ni juzuu kubwa lililochapishwa London mwaka 1623, miaka saba baada ya Shakespeare kufa, kwa juhudi za waigizaji wenzake wawili, John Heminges na Henry Condell. Walikusanya humo tamthilia 36, na 18 kati yake hazikuwa zimewahi kuchapishwa. Nakala zinazojulikana kubaki leo ni kiasi cha 235. Henry na Emily walinunua 82.

Kwa nini mtu atake nakala 82 za kitabu kimoja? Seneca angekuwa na jibu la haraka. Lakini wakati wa uchapaji, makosa yalisahihishwa huku kazi ikiendelea, na karatasi zilizokwisha kuchapwa na makosa hazikutupwa. Zilichanganywa na zile safi. Kwa hiyo nakala moja hutofautiana na nyingine, na anayetaka kujua mtunzi aliandika nini lazima azilinganishe. Miaka ya baada ya Vita Kuu ya Pili, msomi Charlton Hinman aliunda mtambo wa vioo na taa kwa kazi hiyo. Ukurasa wa nakala moja uliwekwa upande huu, ukurasa ule ule wa nakala nyingine upande ule, na taa zikawaka kwa kupokezana ili jicho lizione kurasa mbili kana kwamba ni moja. Palipofanana palitulia. Palipotofautiana, hata kwa herufi moja au nukta, palichezacheza. Kwa kukaa mbele ya mtambo huo katika maktaba ya Folger, Hinman alifuatilia jinsi kitabu kilivyopangwa herufi kwa herufi na kuchapwa, na matokeo yake yakatoka mwaka 1963. Kazi hiyo isingewezekana kama nakala zingebaki zimetawanyika katika majumba ya wakubwa. Henry na Emily hawakusoma nakala 82, wala hawakuhitaji kuzisoma. Kazi yao ilikuwa kuziweka mahali pamoja mpaka aje mwenye swali.

Si kwamba taasisi za umma hutunza vizuri zaidi siku zote. Maktaba ya Bodleian ya Oxford ilipokea Folio ya Kwanza mara tu ilipotoka. Lilipokuja toleo la tatu, la miaka ya 1660, wakutubi waliona la zamani halina haja tena wakaliondoa. Mwaka 1905 nakala ile ile iliibuka mikononi mwa familia moja, na mnunuzi wa siri, ambaye ni Folger, akatoa ofa ya pauni 3,000. Oxford ililazimika kuchangisha watu ili iikomboe. Nakala hiyo imechakaa kwa kusomwa, na kurasa zilizochakaa zaidi ni za Romeo and Juliet. Vidole vya vijana wa karne ya 17 vimezila kingo. Mtu anaweza kuona humo kitabu kilichoishi maisha yake sawasawa. Anaweza pia kuona kwamba kama nakala zote zingesomwa hivyo, zingekwisha. Tamthilia ya Titus Andronicus ilichapwa mara ya kwanza mwaka 1594, na kwa toleo hilo imebaki nakala moja tu duniani, iliyogunduliwa Sweden mwaka 1904. Nayo Henry aliinunua.

Faida ya utunzaji huo imefika hadi katika Kiswahili. Kati ya tamthilia 18 ambazo Folio ya Kwanza ndiyo iliyoziokoa zimo Julius Caesar, Macbeth na The Tempest. Mwalimu Julius Nyerere aliitafsiri ya kwanza na ikatoka mwaka 1963, akairekebisha na kuitoa upya kwa jina Juliasi Kaizari mwaka 1969. Macbeth na The Tempest zilitafsiriwa na S. S. Mushi, ya pili kwa jina Tufani. Wanafunzi wa Tanzania waliosoma hotuba za Bruto na Antonio kwa lugha yao walinufaika na waigizaji wawili wa London waliokataa maandishi ya rafiki yao yapotee, pamoja na mlolongo mrefu wa watu waliohifadhi juzuu zile, wengi wao bila kujua wanamhifadhia nani.

Fikra inayolieleza jambo hili kwa uwazi kuliko zote ni ile ya wakfu. Katika fiqhi, mtu anapoweka kitu wakfu, asili ya kitu hicho hufungwa, haiuzwi, haitolewi zawadi wala hairithiwi, na manufaa yake huachiwa waliokusudiwa. Wanazuoni walitofautiana kuhusu vitu vinavyohamishika. Baadhi ya Wahanafi wa mwanzo walisita, mpaka mazoea ya watu yalipofanya wakfu wa vitabu ukubalike. Madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi wa Pwani ya Afrika Mashariki, huruhusu kila kitu kinachonufaisha huku chenyewe kikibaki. Kitabu kinaingia katika sharti hilo barabara. Husomwa na kisiishe. Na hadithi mashuhuri ya Mtume inayotaja mambo matatu yasiyokatika mtu anapokufa, yaani sadaka inayoendelea, elimu yenye manufaa na mtoto mwema anayemwombea, humpa asiye na mtoto mlango mwingine. Kitabu kilichowekwa wakfu kinapita katika milango miwili kwa pamoja.

Msikiti wa Riyadha mjini Lamu, ulioasisiwa na Habib Swaleh, una hati za mkono ambazo nyingine zina maandishi ya wakfu kwenye kurasa za mwanzo. Mistari hiyo michache hugeuza kila kitu: kuanzia hapo anayekishika kitabu ni msimamizi tu. Hati hizo zimepigwa picha za kidijitali kwa msaada wa mpango wa British Library wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, kwa hiyo manufaa yake sasa yanafika mbali na karatasi zenyewe zikibaki Lamu. Wakristo nao wanalo la kufanana na hilo. Mtakatifu Augustino alipokufa Hippo mwaka 430, mwandishi wa maisha yake, Possidio, alieleza kwamba hakuacha wosia wa mali kwa kuwa hakuwa na mali, ila aliagiza maktaba ya kanisa itunzwe kwa uangalifu kwa ajili ya watakaokuja.

Wanandoa wa kawaida hawana makasha ya Folger wala msikiti wenye khazina ya hati. Wana rafu tatu au nne, labda vitabu mia tano. Hatari inayovikabili haina makeke: mchwa, paa linalovuja, na baada ya msiba, mtu wa kupima karatasi kwa kilo, kisha kurasa zikafungiwa karanga. Kwa sababu hiyo ufahamu kwamba kitabu ni amana huleta majukumu ya kawaida sana. Pawepo na daftari. Pawepo na mtu aliyeambiwa mapema, akakubali. Kwa Mwislamu lipo pia suala la muda: wosia hauvuki theluthi ya mali, na warithi wanaweza kugawana vilivyobaki juzuu kwa juzuu, ilhali wakfu unaofanywa mtu akiwa mzima na mwenye afya hauna mpaka huo. Asiyeweza kuweka wakfu rasmi huweza kuvitoa mapema kwa shule, msikiti au parokia, akiangalia kwanza kama pana mtu wa kuvifungua. Kuvitoa mahali vitakapofungiwa stoo ni kuhamisha kasha tu.

Linabaki suala la ufunguo: anayetunza afungue kwa kiasi gani? Katika Cairo ya zama za Mamluki, madrasa ya Mahmudiyya ilikuwa na vitabu vya wakfu vyenye sharti kwamba visitoke nje ya jengo. Ibn Hajar al-Asqalani, mwanachuoni mkubwa wa hadithi, aliwahi kuwa mlinzi wake. Baadaye Jalaluddin as-Suyuti, aliyefariki mwaka 1505, aliandika risala nzima kuhusu maktaba hiyo, akitetea kwamba kuna hali ambazo kitabu kinaweza kuazimwa licha ya sharti, ikiwa kutoka kwake ndiko kunakotimiza lengo la aliyekitoa. Hoja yake ina nguvu. Sharti liliwekwa kulinda manufaa. Likianza kuyazuia, limegeuka dhidi ya mwenyewe. Lakini mlinzi naye ana hoja, kwa kuwa kitabu kilichopotea kwa mwazimaji hakimnufaishi yeyote tena, na aliyekitoa hayupo kukinunua upya.

Maktaba ya Folger ilikaa na tatizo hilo hilo kwa muda mrefu. Chumba chake cha kusomea kilikuwa cha watafiti, na umma uliona kitabu kimoja kimoja nyuma ya kioo. Mwaka 2020 ilifungwa kwa ukarabati, ikachimbwa kumbi mpya chini ya jengo, na ilipofunguliwa tena Juni 2024 Folio zote 82 ziliwekwa pamoja katika ukumbi ambao mtu yeyote anaweza kuingia.